Karanga za Kongwa bado zinawafunza mameneja wa miradi

Washiriki wa mafunzo ya usimamizi wa miradi, wawe Arusha, Kisumu, Kampala au Kigali, huingia darasani wakitarajia kufundishwa kompyuta: namna ya kuchora ratiba yenye mistari ya rangi, namna ya kujaza jedwali la bajeti, namna ya kuandika andiko litakalompendeza mfadhili. Hayo yote yatafundishwa. Lakini mkufunzi aliyewahi kusimamia saiti mwenyewe, akalala kwenye kontena na kugombana na mkandarasi juu ya mifuko ya saruji, huanza kwingine. Huuliza swali ambalo halimo kwenye kompyuta: pampu ikiharibika mwaka wa tatu, spana iko kwa nani?

Swali linaonekana dogo. Wataalamu wa maji vijijini wamekadiria kwa miaka mingi kwamba karibu theluthi moja ya pampu za mkono katika Afrika Kusini mwa Sahara huwa hazifanyi kazi. Nyingi kati ya hizo zilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Kwenye faili mradi umekamilika: fedha zimetumika, picha zimepigwa, ripoti imetumwa. Kijijini akina mama wamerudi mtoni na ndoo zao, na mipira ya pampu, ambayo bei yake haizidi ya kuku wawili watatu, haipatikani dukani wala hakuna anayejua ni nani alipaswa kuinunua.

Ndiyo maana wakufunzi wenye uzoefu hawapendi kufundisha kwa mifano ya kufikirika. Eneo hili la Afrika lina mifano ya kweli, mingine ya fahari na mingine ya aibu. Mkubwa kuliko yote katika kundi la pili uko Kongwa, mkoani Dodoma.

Ekari milioni tatu kwenye karatasi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga kwa mashine katika makoloni ya Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka eneo hili kwa wiki chache ukarudi na mpango: ekari zaidi ya milioni 3, kwa miaka sita, kwa takriban pauni milioni 25. Sehemu kubwa ingekuwa Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nyingine ingekuwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Kazi ilianza mapema mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha na kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Kilichotokea katikati ndicho darasa lenyewe. Matrekta mapya hayakuwapo kwa wingi duniani baada ya vita, hivyo yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi. Vifaru vya kivita aina ya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa mzigo ule, na reli ya kwenda bara ilikuwa njia moja tu. Mashine zilizofika Kongwa zilikutana na vichaka vya miiba vyenye mizizi iliyosukana chini ya ardhi, na mibuyu ambayo trekta haikuiweza. Baadhi ya mibuyu hiyo ilikuwa na nyuki, na mingine ilikuwa mahali pa matambiko. Matrekta mengi yakaishia karakana yakisubiri vipuri.

Kisha ukaja udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali unaokula majembe ya plau, na ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Karanga, kama kila mkulima ajuavyo, hukomaa chini ya ardhi. Zao likaiva mahali ambapo mashine haikuweza kulichimbua. Mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Mgogo yeyote wa Kongwa angeweza kueleza bila kuchukua posho kwamba huko mvua huruka miaka, na kwamba ndiyo sababu wazee wa pale waliweka akili zao kwenye ng'ombe na mtama.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mradi na kufuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wengi ni kwamba karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Hadi leo wakulima wadogo wa Dodoma wanalima karanga, kwa jembe la mkono, katika mashamba ya ekari moja au mbili, wakichanganya na mtama na alizeti ili mvua ikikosa kimoja kisalie. Tatizo lilikuwa la kimeneja. Haraka iliyokuwapo London iliwafanya wapangaji waruke hatua ambayo mkulima yeyote haruki: kulima kwanza kipande kidogo, kuona msimu mmoja au miwili unasema nini, ndipo kupanua. Palikuwa na watu waliolitaka shamba la majaribio. Walijibiwa kwamba muda hautoshi. Muda uliookolewa kwa kuruka jaribio uliishia kulipiwa mara nyingi zaidi.

Habari mbaya hupanda ngazi polepole

Kuna somo la pili pale Kongwa ambalo haliandikwi sana, na pengine ndilo lenye manufaa zaidi kwa meneja wa leo. Waliokuwa shambani walijua mapema kwamba lengo la ekari 150,000 halifikiki. Aliyeona trekta la kumi likiburutwa kwenda karakana hakuhitaji mhasibu wa kumwambia. Lakini viongozi wa juu walikuwa wameshatangaza takwimu hadharani, hata bungeni, na namba ikishatangazwa na mkubwa huwa ngumu kushushwa na mdogo.

Hali hiyo haikwisha na ukoloni. Katika ofisi nyingi za miradi za leo, ripoti ya mwezi husema kazi imefikia asilimia 60, mwezi unaofuata 80, wa tatu 90. Halafu inakaa 90 kwa miezi saba. Kila aliyewahi kusimamia ujenzi anaijua ile asilimia 90. Haina maana kwamba kazi imebaki kidogo. Maana yake ni kwamba kazi rahisi zimekwisha na ngumu hazijaguswa: umeme haujaunganishwa, kibali cha mazingira hakijatoka, mwenye kiwanja amekwenda mahakamani, pampu ziko bandarini zikisubiri msamaha wa kodi.

Tiba wanayoitoa wakufunzi ni ya kawaida na inahitaji ujasiri tu. Usiulize "mmefika asilimia ngapi?" Uliza "kipi kimekwisha kabisa, ambacho hatutakigusa tena?" Nguzo imesimama au haijasimama. Bomba limejazwa maji likapimwa shinikizo au halijapimwa. Mambo ya aina hii hayana asilimia. La pili ni kwamba meneja anayempigia kelele mtu aliyeleta habari mbaya ataletewa habari nzuri peke yake hadi siku mradi unapoanguka. Fundi aliyegundua kwamba nondo zilizokuja ni nyembamba kuliko za kwenye mchoro anapima kwanza uso wa bosi kabla ya kufungua mdomo.

Mhandisi E. Sreedharan wa India, aliyesimamia ujenzi wa Reli ya Konkan na baadaye metro ya Delhi, alitundika saa zilizohesabu kurudi nyuma, ofisini na kwenye saiti, zikionyesha siku zilizobaki kufikia tarehe ya kumaliza. Kila mtu, kuanzia mhandisi mkuu hadi mbeba zege, aliona namba ileile. Awamu ya kwanza ya metro hiyo ilikamilika mwaka 2005, kabla ya muda uliopangwa. Julai 2009 sehemu ya daraja la metro iliyokuwa ikijengwa ilipoanguka na kuua wafanyakazi, mzee huyo aliandika barua ya kujiuzulu akisema dhamana ni yake, ingawa hakuwa yeye aliyemwaga zege. Kujiuzulu kwake kulikataliwa, akaendelea na kazi. Kwa mameneja wa kwetu, ambako ajali ya saiti kwa kawaida humwangukia msimamizi mdogo, kisa hicho kinafaa kusomwa mara mbili.

Ratiba isiyojua masika

Wanaoanza kazi hii huchora ratiba kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Wakongwe huchora kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukitaka maji yatoke Desemba, tangi liwe tayari lini? Kama tangi liwe tayari Oktoba, saruji na nondo zifike lini? Na kama vifaa vifike Juni, zabuni itangazwe lini? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni "mwaka jana", na ni afadhali meneja alijue siku ya kwanza kuliko siku ya mia mbili.

Ratiba ya Afrika Mashariki ina mambo yake ambayo programu ya kompyuta haiyajui mpaka uingize kwa mkono. Kuna masika kati ya Machi na Mei, lori la kokoto linapozama hadi ekseli. Kuna mwaka wa fedha wa serikali, ambao Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda unaanza Julai 1. Fedha za Julai huweza kufika Oktoba, na ifikapo Mei kila ofisi inakimbizana kutumia kilichobaki. Kuna mwezi wa Ramadhani kwa mafundi wa pwani, kuna misimu ya kulima ambapo vibarua hawapatikani, kuna uchaguzi. Meneja anayepanga kumwaga zege la msingi mwezi Aprili huko Morogoro amepanga kuchelewa.

Kuna pia fidia. Hakuna jambo lililosimamisha barabara, njia za umeme na mabomba ya eneo hili kama mwenye shamba aliyeambiwa aache kulima kisha akangoja malipo msimu hadi msimu. Meneja hulitazama hilo kama kazi ya mthamini na idara ya ardhi, si yake. Siku trekta linapofika shambani na kukuta familia imekaa chini ya mwembe imegoma kuondoka, ndipo inapokuwa yake. Na familia hiyo ina haki. Imekosa mavuno mawili kwa sababu ya mstari kwenye mchoro.

Mradi wa nyumba zaidi ya moja

Mradi wa nchi moja ni mgumu. Wa nchi mbili au tatu una ugumu wa aina nyingine kabisa, na kwa Jumuiya ambayo sasa ina wanachama wanane, huo ndio utakuwa mkate wa kila siku wa mameneja wake.

Chukua Rusumo, mahali Tanzania na Rwanda zinapopakana kwenye Mto Kagera. Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walifungua pale daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani. Wengi hukumbuka hotuba. Wahandisi hukumbuka jambo jingine: Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Mahali fulani kati ya nchi hizo mbili kila lori la mafuta linalotoka Dar es Salaam lazima libadilishe upande bila kugongana na linalorudi. Hakuna nchi ambayo peke yake ingeona umuhimu wa kulichora hilo, kwa kuwa ndani ya mipaka ya kila moja hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye kiungo. Mtu asiyepewa kazi ya kukiangalia kiungo, hakuna atakayekiangalia.

Kando ya mpaka huohuo kuna mtambo wa umeme wa Maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania. Kila nchi hupata theluthi moja, yaani takriban megawati 26.7. Wenye mradi walianzisha kampuni moja yenye wanahisa watatu badala ya kuacha wizara tatu zikiandikiana barua. Bwawa kubwa lililofikiriwa mwanzoni liliachwa, ukachaguliwa mpango unaotumia mtiririko wa mto, ili watu na mashamba yasimezwe na maji kwa wingi. Hata hivyo mtambo ulichelewa kuliko ilivyotarajiwa; ulianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Na mtambo peke yake usingetosha, kwani kila nchi ilihitaji njia yake ya umeme: Nyakanazi kwa Tanzania, Gitega kwa Burundi, Shango kwa Rwanda. Mashine zinazozunguka bila nyaya za kutolea umeme ni kama shamba lililovunwa bila barabara.

Kinyume chake ni reli ya kisasa. Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kuijenga kutoka Mombasa hadi Kampala na Kigali. Kenya ilizindua kipande cha Mombasa hadi Nairobi Mei 31, 2017, kikafika upande wa Naivasha mwaka 2019, kikasimama. Uganda haikuwa na sababu ya kujenga upande wake kuelekea reli ambayo haijafika mpakani, na Kenya ilipata ugumu kupata fedha za kufika mpakani ambako hapana reli ya kupokea mzigo. Kila mmoja akamngoja mwenzake. Ilifika Oktoba 2024 ndipo Uganda ikasaini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga kati ya Malaba na Kampala, kilomita zisizopungua 270. Katika darasa la usimamizi wa miradi hilo huitwa utegemezi wa kazi. Dereva wa lori anayepanga foleni Malaba siku mbili ana jina jingine la kuuita.

Lugha nayo hujificha ndani ya kiungo. Mtanzania husema mkandarasi, Mkenya mwanakandarasi, Mrundi na Mkongo wanasoma mkataba kwa Kifaransa. Wote wakikutana mezani wanaongea Kiswahili na kuelewana vizuri, wanacheka, wanakula, wanaagana. Wiki ya pili inagundulika kwamba mmoja alielewa "kukabidhi" kuwa ni siku ya kumaliza ujenzi na mwingine kuwa ni baada ya mwaka wa matazamio. Mkongwe hatoki kikaoni kabla ya maamuzi kusomwa kwa sauti, kila uamuzi ukiwa na jina la mtu mmoja na tarehe moja. Jina la mtu, si la idara. Idara haipigiwi simu usiku.

Hii inakwenda pamoja na ile kinga ya kale ya mameneja: lisiloandikwa halijasemwa. Mheshimiwa anafika saiti, anapenda kazi, anasema mwongezee kijiji cha pili bomba, ni karibu tu. Kila mtu anapiga makofi. Hakuna aliyemwuliza bajeti itatoka wapi. Miezi mitatu baadaye mkandarasi analeta ankara ya kazi za ziada na mkaguzi anamwuliza meneja, siyo mheshimiwa. Barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa jioni ileile, yenye gharama na siku zitakazoongezeka, imewaokoa watu wengi wasipoteze kazi, na wengine wasifikishwe mahakamani.

Baada ya utepe

Reli ya TAZARA ni fahari ya kweli. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kupita milima na mabonde ya kusini, zilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Wataalamu wa Magharibi walishasema haitalipa, na ujenzi ukamalizika kabla ya wakati. Kwa vipimo vya kawaida vya vitabuni, yaani muda, gharama na ubora, ni mradi uliofaulu. Lakini reli haijengwi ili ijengwe. Iliwekewa uwezo wa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na katikati ya muongo uliopita ilikuwa ikibeba chini ya tani 100,000. Injini zilichakaa, vipuri vikakosekana, maamuzi ya nchi mbili yakachukua muda, na malori yakachukua mzigo.

Hapo ndipo swali la spana linaporudi. Mameneja wazoefu huandika mpango wa uendeshaji mwanzoni, wakati fedha zikiwapo na kila mtu akiwa na hamu, na humwajiri fundi wa kijijini tangu siku ya kuchimba kisima ili ashike kila boliti kwa mkono wake kabla mkandarasi hajaondoka. Hukubaliana na kamati ya maji bei ya ndoo kabla maji hayajatoka. Ukingoja yatoke ndipo useme yanalipiwa, umeshachelewa; watu watauliza kwa nini hukusema. Na huhakikisha duka la vipuri liko mji gani, maana pampu nzuri kutoka mbali isiyo na vipuri wilayani ni pambo.

Huko kusini, mradi wa karanga uliacha kitu kimoja ambacho hakikuwa lengo lake. Ili kusafirisha mavuno ya Nachingwea, Waingereza walijenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuiunganisha na mashamba. Karanga hazikuja. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho za mikoa ya kusini, saruji na makaa ya mawe. Reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, imo katika mipango ya Tanzania kwa miaka mingi sasa, na watakaoisimamia watapita na michoro yao mahali palepale ambapo mataruma ya kwanza yaliondolewa.